Mkono wa Fundi Chini ya Rangi

Tarehe 25 Oktoba 1972, katika uwanja wa mbio za baiskeli wa Mexico City, Mbelgiji Eddy Merckx alizunguka kwa saa nzima na kufikisha kilomita 49.431, rekodi mpya ya dunia. Baiskeli yake ilikuwa na uzito wa chini ya kilo 6, na juu yake iliandikwa Windsor, jina la kampuni ya Mexico. Windsor haikuiunda. Aliyeiunda ni Ernesto Colnago wa Cambiago, karibu na Milan, ambaye hata mnyororo aliutoboatoboa ili apunguze gramu chache.

Mambo hayo yalikuwa ya kawaida enzi za fremu za chuma. Mwanamichezo alimwamini fundi wake, mfadhili alitaka jina lake lionekane, basi mmoja akaunda na mwingine akaandikwa. Katika karakana yake chini ya uwanja wa Vigorelli mjini Milan, Faliero Masi aliunda fremu za mabingwa zilizotoka mlangoni kwa majina ya wengine. Kwa hiyo anayetafuta asili ya baiskeli kongwe ya mashindano haanzi na maandishi, maana stika huchapishwa upya hata leo. Huipindua baiskeli magurudumu juu.

Huko chini, kwenye bomba fupi linalobeba ekseli ya pedali, kuna namba iliyogongwa, na ndani ya bomba hilo kuna hesi. Hesi mara nyingi hutaja nchi. Ya Kiitalia ina kipenyo cha milimita 36, ya Kifaransa 35, ya Kiingereza inchi 1.37 na hesi 24 kwa kila inchi. Kikombe kinachokazwa humo, kikiwa cha Kiingereza upande wa mnyororo, hukazwa kwa kuzungushwa kushoto; cha Kiitalia hukazwa kulia, pande zote mbili. Raleigh ya Nottingham, ile ile iliyobeba wazee wetu na magunia yao, ilishika kawaida yake peke yake ya hesi 26, ndiyo maana kikombe cha dukani hukataa kuingia.

Vipuri navyo husaidia. Tangu 1970, kibadili gia cha Campagnolo Nuovo Record kilitoka Vicenza kikiwa na chapa ya mwaka, na kitovu cha gia cha Sturmey-Archer hubeba tarakimu za mwezi na mwaka. Lakini vipuri hubadilishwa, na mimi siamini kipuri peke yake. Afadhali kuchomoa uma wa mbele na kuchungulia ndani ya shina lake: matuta membamba yanayopanda kwa kujipinda ni dalili ya mabomba ya Columbus ya Milan.

Hadi hapo tumepata nchi, pengine na muongo. Mtu mwenyewe yuko kwenye lagi, yaani vile viungio vya chuma ambamo mabomba hukutana. Fundi aliinunua lagi ikiwa nene na yenye kingo butu. Aliikata kwa msumeno, akaipiga tupa hadi ncha zake zikawa nyembamba, kisha akaipasha moto pamoja na bomba mpaka vyote vikawa vyekundu sawasawa. Shaba ya njano ikigusishwa ukingoni huyeyuka na kuvutwa yenyewe kwenye ule mwanya, hadi itokeze upande wa pili. Moto ukipungua, shaba haifiki; ukizidi, chuma kinaungua. Hakuna kipimo mezani, ni jicho na rangi ya chuma tu. Ukimulika tochi ndani ya lile bomba fupi la pedali na kuona shaba imezunguka pande zote bila pengo, umekutana na mtu aliyefanya kazi vizuri mahali ambapo mnunuzi hatazami.

Tupa nayo ina mwandiko. Wengine waliacha bega la lagi wima, wengine waliliteremsha polepole likakutana na bomba. Fremu za Hetchins za London, zenye lagi zilizonakshiwa kama mlango wa Lamu, zilibeba jina la mwenye duka, Hyman Hetchin. Mkono ulikuwa wa Jack Denny. Ni haki Denny atajwe kwanza.

Kuna aina moja ya bomba inayopunguza sana orodha ya mafundi. Kampuni ya Reynolds ya Birmingham ilikuwa imewauzia waundaji bomba la 531 tangu 1935, lakini katika miaka ya 1970 ilitoa 753, jembamba zaidi na lililotiwa ugumu kwa moto. Joto la shaba ya njano, karibu nyuzi 900, lingeliharibu, hivyo lililehemiwa kwa fedha, ambayo huyeyuka kwa joto la chini zaidi. Reynolds haikumuuzia yeyote tu. Fundi alilazimika kulehemu kiungo cha majaribio na kukipeleka kikaguliwe. Akifaulu, ndipo aliuziwa. Raleigh wenyewe walikuwa na karakana ndogo ya kazi hiyo huko Ilkeston, chini ya Gerald O'Donovan, mbali na mitambo mikubwa ya Nottingham, na fremu zake zilipewa namba zinazoanza na SB. Ukizikuta herufi hizo mbili chini ya rangi, tafuta kwanza alama za tupa, halafu ndipo uulize bei.