Komamanga Jekundu Zaidi Si Lazima Liongoze

Mwaka 2007 watafiti wa Israel walichapisha ulinganisho wa aina 29 za makomamanga. Kila aina waliiandaa kwa njia nne, zikiwemo juisi ya punje tupu na rojo la tunda zima lililosagwa pamoja na ganda lake. Kwenye juisi ya punje, nguvu ya antioksidanti ilipanda kadiri polifenoli na anthosianini, rangi zinazoifanya punje iwe nyekundu, zilivyozidi. Rojo lilikuwa na nguvu inayokaribia mara 20 ya juisi hiyo, na humo wekundu haukuwa na neno tena. Kilichoamua ni tanini, hasa punikalagini, ambayo imejaa kwenye ganda.

Matokeo hayo yanatia doa orodha nyingi za “komamanga bora”. Utafiti wa mwaka 2000, uliowakutanisha wataalamu wa Hispania na Marekani, ndio ulioeneza habari kwamba juisi ya komamanga ina nguvu ya antioksidanti mara tatu ya divai nyekundu na chai ya kijani. Habari hiyo imesafiri mbali, lakini sehemu yake ya pili imebaki nyuma: iliyopata alama za juu ilikuwa juisi ya kiwandani, na ile iliyokamuliwa maabara kutokana na punje pekee ilikuwa chini yake. Kiwanda hubana tunda zima, tanini za ganda zikachuruzika ndani ya juisi. Anayechukua juisi ya kiwandani ya aina moja na kuishindanisha na juisi ya punje ya aina nyingine amepima ukamuaji. Kuhusu aina za miti hajajua lolote.

Upande wa ladha kazi ni nyepesi zaidi. Tone la juisi huwekwa kwenye refraktomita, nayo husoma sukari kwa digrii za Brix. Uchachu hupimwa kwa kudondoshea juisi nyingine sodiamu haidroksaidi mpaka asidi iishe nguvu. Uwiano wa vipimo hivyo viwili ndio ulimi unaousikia. Mollar de Elche ya Hispania, yenye punje za rangi hafifu na mbegu laini, ina asidi kidogo sana, kwa hiyo mlaji huiona tamu mno. Wonderful ya California ina sukari ya kutosha na bado huchachua mdomo. Kipimo cha uvunaji huko hutaka sukari isipungue asilimia 17 na asidi iwe chini ya asilimia 1.85.

Kupima antioksidanti kuna mitego yake. Kipimo cha DPPH hutumia kimiminika cha zambarau kinachogeuka njano kadiri juisi inavyokizima. Kile cha Folin-Ciocalteu, kinachotumika sana kuhesabu polifenoli, huhesabu hata vitamini C kana kwamba nayo ni polifenoli. Mtafiti makini hategemei kipimo kimoja, tena huvuna matunda yote yakiwa yameiva sawasawa, kwa sababu asidi, rangi na tanini hubadilika tunda linapokomaa.

Kisha kuna mahali. Mwaka 2009 aina 11 zilizopandwa kwenye hali ya hewa ya Mediterania na kwenye jangwa la Arava zilichunguzwa pamoja, ikaonekana kwamba joto la jangwani lilipunguza wekundu wa punje. Kwa hiyo komamanga la Jabal Akhdar, milima ya Oman yenye mashamba karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, haliwezi kushindanishwa na la bondeni kisha tofauti yote ikahesabiwa kuwa ya mbegu.

Hata alama safi za maabara zina mpaka. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la ORAC, kipimo kingine cha antioksidanti, kwa kuwa nguvu iliyopimwa kwenye chupa haioneshi kinachotokea mwilini. Punikalagini yenyewe huvunjwa tumboni, kisha bakteria wa utumbo hutengeneza urolithini kutokana na mabaki yake, na uwezo huo hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Mkulima anayeoneshwa jedwali la aina za kupanda aulize kwanza: zilikamuliwa punje au tunda zima, zilivunwa zikiwa zimeiva kiasi gani, na zilioteshwa shamba moja? Jedwali lisilojibu maswali hayo halifai kununulia mche.