Kupunguza Taa

Wavu husifiwa kwa kuwa kila mtu ameona ukishonwa, na mtumbwi husifiwa kwa kuwa fundi wake anajulikana kijiji kizima. Taa ya dagaa haina wa kuisifu. Mwambie mtu ambaye hajawahi kulala ziwani kwamba kuna ustadi wa kuchagua taa na kuitunza juu ya maji, atakucheka: si inawashwa tu, samaki wanajileta? Hata wageni wanaolala Musoma au Bukoba na kushangilia zile nuru zilizojipanga mbali gizani husifu mandhari. Kazi hawaioni.

Samaki hawajileti, kwanza kwa sababu si kila usiku ni usiku wa kazi. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria anaishi kwa giza. Mbalamwezi ikikomaa, mwanga wa angani hutandaa ziwa zima na taa yake haina la kuongeza. Ndipo mialo inapolala kwa wiki moja au zaidi: nyavu zinazibwa, madeni yanadaiwa, watu wanakwenda kusalimia nyumbani. Lakini anayelijua giza hapotezi siku hizo zote. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku. Ukiwa nusu na unakua, huzama karibu na usiku wa manane, kwa hiyo giza lake liko upande wa alfajiri. Ukiwa nusu na unapungua, ndio kwanza huchomoza saa hizo, na giza lake liko upande wa jioni. Kuna manahodha wanaogawana usiku na mwezi namna hii hadi wakabakisha siku chache tu za kukaa bure, na sijamwona hata mmoja akitazama karatasi.

Kisha taa yenyewe. Kwa miaka mingi taa ya dagaa ilikuwa karabai, na bado naamini hakijatokea chombo kilichomfundisha mvuvi subira kama hicho. Kiini chake ni ule utambi, kifuko cha nyuzi kilichotokana na kazi ya mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, aliyepata hataza yake mwaka 1885. Ukikifunga ni kitambaa laini. Kikiungua mara ya kwanza kinabaki majivu yenye umbo la kitambaa, na majivu hayo ndiyo yanayong'aa. Ukikigusa kwa ncha ya kidole, kimekwisha. Sasa chukua majivu hayo, uyafunike kwa kioo, uyaweke juu ya boya la mbao, kisha uliachie boya lielee kwenye ziwa linaloweza kuchafuka wakati wowote.

Kuiwasha kunataka mtu asiyeharakishwa. Spiriti inamiminwa kwenye kikombe kidogo kinachozunguka bomba, inawashwa, na hapo unangoja. Mwenye pupa hufungua mafuta kabla bomba halijapata moto. Mafuta ya taa yanatoka yakiwa bado majimaji, moto unaruka mwekundu wenye moshi, utambi unaingia masizi, na wenzake mtumbwini wanaanza kumsema. Asiye na pupa hungoja spiriti ikaribie kwisha ndipo afungue. Mafuta yanageuka mvuke, utambi unakuwa mwekundu, kisha wa manjano, kisha mweupe, na karabai inaanza kuvuma. Kuanzia hapo anaisikiliza. Mgandamizo unaposhuka mvumo hupwaya kabla mwanga haujafifia, na mwenye sikio atapiga pampu mapema, macho yake yakiwa kwenye kamba.

Nini kinachowaleta dagaa? Mchana dagaa wengi hukaa chini; usiku hupanda kufuata vijidudu vya majini ambavyo navyo hupanda usiku. Taa ikikaa mahali pamoja kwa saa mbili tatu, vijidudu hukusanyika, mabuu ya wadudu wa ziwani hukusanyika, na uduvi nao wakaja, wale kamba wadogo wa Ziwa Victoria ambao wataalamu huwaita Caridina nilotica. Hakuna aliyewasha karabai kwa ajili ya uduvi. Hata hivyo wamo wavuni kila mara, na upande wa Kenya Wajaluo huwaita ochong'a na kuwauza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Kwa hiyo taa ni mwenyeji aliyeandaa meza, na dagaa ni wageni: wengine wamekuja kwa mwanga, wengine kwa chakula. Mwenyeji akiinyanyua taa baada ya nusu saa na kuihamishia kwingine kwa kukosa subira, ameondoa meza kabla ya wageni kunawa.

Lakini sehemu ninayoiona ndiyo kilele cha kazi hii ni kuvuta. Maboya yamefungwa kwenye kamba moja ndefu, yameachana, kila moja na taa yake. Mtumbwi unaanza na lililo ncha moja ya kamba. Mtu mmoja analivuta taratibu kuelekea la pili, polepole kiasi kwamba maji mbele ya boya hayavunjiki. Kundi lililo chini linafuata. Akivuta kwa nguvu, mwanga unakwenda na samaki wanabaki gizani, halafu wanatawanyika. Taa ya kwanza ikifika kwa ya pili makundi mawili yanakuwa moja, na hivyo hivyo hadi boya la mwisho. Hapo wavu wa matundu madogo unazungushwa, na mwenye taa anafanya jambo ambalo mgeni hudhani ni kosa: anaipunguza. Anafungua kidogo skrubu ya hewa, karabai inashusha pumzi, mwanga unarudi kwenye umanjano. Penye mwanga mkali dagaa huzunguka pembeni au huzama kidogo. Ukififia wanasogea karibu, wanapanda, wanajikaza kuzunguka kile kidogo kilichobaki. Unaanza kusikia maji yakichakacha kama mvua nyepesi, na hakuna mvua. Akiipunguza mno, kundi linavunjika. Akichelewa, wavu unapita juu ya samaki. Hakuna kipimo cha jambo hili isipokuwa macho na mkono.

Kule Ziwa Tanganyika mkono huo ulianza zamani zaidi, kabla ya karabai, pale moto wa kuni ulipowaka kwenye mtumbwi na dagaa wakachotwa kwa lusenga, wavu wa mpini. Siku hizi kuna kipe: mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu umeteremshwa chini sana katikati yake, taa zinaning'inia juu. Wakati wa kuinua, taa huzimwa moja baada ya nyingine hadi ibaki moja katikati ya wavu. Gizani pembeni wanangoja migebuka, ambao nao wamekuja kula. Mara nyingi wanainuliwa pamoja na chakula chao. Burundi chombo kikubwa cha aina hii kiliitwa Apollo, jina lile lile la vyombo vilivyowafikisha watu mwezini, nami huwa nacheka, maana hakuna watu wanaoukwepa mwezi kama hao.

Taa nzuri ya Kigoma si lazima iwe nzuri Mwanza. Maji ya Tanganyika ni meupe, nuru inashuka mbali, hasa ya bluu. Victoria lina mwani na tope. Humo bluu haifiki mbali, na ya kijani kwa kawaida huipita. Wala halikuwa hivyo daima. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alipofanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa hilo, sahani nyeupe ya kupimia iliyoteremshwa kwenye maji ya mbali na pwani ilionekana hadi kina cha mita 7 au 8. Leo kwenye ghuba zetu utaipoteza katika mita moja au mbili. Mvuvi wa miaka hiyo na wa leo wamevua katika maziwa mawili tofauti, ingawa mwalo ni ule ule.

Halafu ikaja sola. Mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Wachakachuaji walikuwa vituoni. Karabai zilikuwa ziwani, nazo ndizo zilizolipa, kwa sababu taa moja hunywa lita nzima na zaidi kwa usiku. Taa za LED zilipoanza kushuka bei, hesabu ilijifanya yenyewe. Siwezi kuilaumu. Betri hailipuki moto usoni, haimwagi mafuta ndani ya samaki, na wimbi likiipiga haipasuki kioo.

Ninacholalamikia ni mashindano yaliyokuja nayo. Karabai zote zilikuwa takriban sawa, kwa hiyo tofauti kati ya mtumbwi na mtumbwi ilikuwa mtu. Sasa jirani akileta balbu kubwa, wewe unaleta mbili, na mwingine kesho analeta nne, si kwa sababu dagaa wameomba bali kwa sababu taa kubwa inaiiba ile ndogo iliyo karibu. Katika maji machafu hesabu hiyo ni ya hasara: nuru hufa haraka humo, na ukiongeza taa maradufu hupati umbali maradufu. Unachopata ni uso wa ziwa unaong'aa mno na kundi lililojificha chini yake.

Kwa hiyo anayekwenda kununua, asianze na wati, ingawa muuzaji ataanza nazo. Aulize kwanza kama taa inapungua taratibu au ina kuwaka na kuzima tu. Ya pili haifai hata akipewa bure. Aiwashe na kuitazama kwa pembeni: nyingi humwaga mwanga wote mbele kama tochi, wakati dagaa wanauzunguka mwanga pande zote. Aining'inize karibu na maji na kuielekeza chini, maana nuru inayogonga maji kwa ubavu huruka na kuishia machoni mwa wavuvi wengine. Betri aijaribu hadi alfajiri, kwa sababu zipo zinazokuwa na nguvu saa tatu usiku na kufa saa kumi, saa ambayo mwezi unaokua umeshazama na kazi ndiyo imepamba moto. Na akipata karabai nzima yenye bomba lisilovuja, ainunue pia. Betri nazo hugoma.