Mrija Kabla ya Sindano

Farasi hatapiki. Pale umio unapoingia kwenye mfuko wa tumbo pana msuli uliokaza mno, hata mfuko ukijaa maji na gesi hupasuka kabla ya kutema chochote. Kwa hiyo anapoanza kugaagaa na kujitazama ubavuni, mrija wa puani ni kipimo na tiba papo hapo.

Sisi wa Mountain View tuko jirani na Upper Kabete, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufunza madaktari wa mifugo. Na kwenye Barabara ya Ngong uko uwanja wa mbio za farasi uliofunguliwa mwaka 1954. Ujuzi hauko mbali. Kinachoponza farasi ni haraka ya kudunga sindano ya kutuliza maumivu.

Daktari huanza na mapigo ya moyo. Farasi mzima aliyetulia ana 28 hadi 44 kwa dakika. Yakipita 60, hali ni nzito. Hutazama ufizi, husikiliza tumbo pande zote mbili, ndipo achukue mrija. Huusukuma taratibu puani, akingoja farasi ameze, macho yake yakiwa upande wa kushoto wa shingo: ukishuka kwenye umio, huonekana ukipita chini ya ngozi. Farasi akikohoa na pumzi ikatoka mrijani, umepotea njia ukaingia bomba la hewa, na kitakachomiminwa humo kitamuua. Ukifika tumboni, harufu chachu hupanda. Daktari humimina maji kidogo, hushusha ncha ya mrija ndani ya ndoo, na yaliyomo huanza kutiririka. Yakizidi yaliyoingizwa kwa zaidi ya lita 2, huenda utumbo mwembamba umeziba au umegoma kusukuma: asinyweshwe kitu. Mapigo yakibaki juu hata baada ya hapo, na maumivu yakarudi licha ya sindano hiyo ya kutuliza, flunixini, ni suala la upasuaji. Kurudia sindano wakati huo ni kumtuliza farasi huku utumbo wake ukioza.

Msokoto mwepesi wa tumbo unaorudi kila baada ya kula, hasa kwa farasi wa mbio anayeacha nafaka yake, hunifanya nishuku vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, lakini mate ya kuipunguza makali huja anapotafuna tu. Akikimbia tumbo likiwa tupu, asidi hurushwa juu, kwenye sehemu isiyo na kinga. Uhakika hupatikana kwa kamera ya mita 3 inayoingizwa hadi tumboni baada ya kumnyima chakula usiku kucha. Tiba ni omeprazoli, miligramu 4 kwa kilo, kila asubuhi kabla ya kula, siku 28. Kwa farasi wa kilo 450 hiyo ni miligramu 1,800, sawa na vidonge 90 vya binadamu vya miligramu 20. Ndiyo maana kumpa viwili vitatu hakumsaidii.

Wenye farasi, wapeni nyasi kavu kabla ya mazoezi, na mruhusuni saisi ampigie daktari simu bila kusubiri kibali chenu.