Mkono Ndani ya Mtungi

Chungu chenye kichwa cha mtu kikiwekwa mezani mjini Bunia, wageni husahau vingine vyote. Kisogo kimerefushwa, nywele zimechorwa, weusi unang'aa. Hapo hapo kinasifiwa kuwa cha kale, cha Kimangbetu, ingawa pengine hakijawahi kushika hata kikombe cha maji. Sifa hizo zinaudhi. Zinawadhulumu wanawake waliofinyanga vyombo vya kutumika.

Herbert Lang na James Chapin wa jumba la makumbusho la American Museum of Natural History, New York, walikusanya vitu kaskazini-mashariki mwa Kongo kati ya 1909 na 1915. Watafiti Enid Schildkrout na Curtis Keim walionyesha mwaka 1990 jinsi hamu ya wageni ilivyochochea sanaa ya vichwa. Wapo mabingwa wa kweli wa kazi hiyo: Mbitim, Mzande wa upande wa Sudan, alijulikana kwa jina lake, na vyungu vyake vimo katika makumbusho ya Uingereza. Ila bingwa mmoja hahalalishi kila kichwa kinachouzwa.

Asiyejua hutazama nje. Mjuzi huingiza mkono.

Mtungi uliochachusha pombe miaka mingi umeliwa ndani. John Arthur, aliyechunguza vyombo vya Wagamo wa Ethiopia, alieleza jinsi uchachu unavyobandua ngozi ya udongo. Vidole huanzia shingoni, penye ulaini na michirizi ya kukwangulia. Vikishuka tumboni hukuta vishimo vidogo na chembe za vigae vilivyotwangwa zikichomoza. Mpaka huo, pale pombe ilipoishia, ndio ushahidi wenyewe. Mlaghai husugua kwa msasa, lakini msasa hupanda hadi shingoni na mikwaruzo yake hufuata njia moja. Pombe hula ilipofika tu.

Chungu cha kupikia hugeuzwa juu chini. Moto huunguza masizi katikati ya tako na kuyaacha ubavuni, na mafiga huacha alama tatu. Chungu cheusi kotekote, tako hadi ukingo, huenda kimepakwa. Kikifutwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, hutoa harufu ya rangi ya viatu. Mtu wa Kilo, ambako dhahabu imechimbwa tangu 1905, hainunui dhahabu hiyo kwa kung'aa kwake. Chungu nacho kinastahili heshima hiyo.

Tako liwe la mviringo. Bapa ni la kabatini. Nakshi zikizidi mistari miwili shingoni, huenda mfinyanzi alikuwa akimfikiria mnunuzi. Kabla ya sufuria na bidoni za njano, maji ya mtungini yalikuwa na ubaridi na harufu ya udongo ambayo plastiki haijawahi kuitoa, na kila nyumba ilimjua mfinyanzi wake.

Mtungi wa kununua ni ule ambao ukingo wake umelika upande mmoja, kibuyu kilipopita kila siku, hata kama una ufa uliozibwa kwa utomvu. Ukifika nyumbani usisuguliwe ndani kwa sabuni wala brashi.