Mwalimu Anapoondoka

Ipo hadithi ya utafiti inayopendwa sana na walimu wa sayansi. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Baadaye akamwona mwingine mwenye dalili zile zile, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri kiasi cha kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika kila hospitali kama watoto wa namna hiyo wameonekana. Ikadhihirika kuwa saratani hiyo hustawi penye joto na mvua nyingi, ambako ndiko penye malaria. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokikuta humo.

Ni hadithi nzuri, na sisi wa bonde la Kilombero inatuhusu, maana joto, mvua na mbu hatujapungukiwa. Lakini ina kasoro. Mwafrika ndani yake ni mgonjwa tu. Yeye hutoa taya. Swali huulizwa na mwingine, na jibu hupatikana mbali. Mtoto wa darasa la sita akiisikiliza hawezi kudhani kuwa siku moja naye atashika hadubini.

Kasoro hiyo ni ya msimulizi, kwa kuwa mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu saratani hiyo, kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kiongozi wake alikuwa Mmarekani, John Ziegler. Pamoja naye alifanya kazi daktari kijana wa Uganda, Charles Olweny. Olweny alitibu, akatafiti na kuandika, na jina lake likachapishwa pamoja na la mkubwa wake. Mwaka 1972, siku za Idi Amin, Ziegler alipoondoka, Olweny alishika uongozi. Nchi ilichafuka, dawa zikawa adimu, lakini mlango haukufungwa. Baadaye kituo kiliongozwa na Mganda mwingine, Edward Katongole-Mbidde.

Hapo ndipo penye somo la kulea watafiti, nasi twaliruka. Safari ya gari inasisimua kuliko miaka ya kumfundisha kijana. Lakini mlezi hupimwa siku anapoondoka: je, aliyebaki anajua kuuliza, au anajua kubeba chupa za damu tu?

Hapa Ifakara tunao mfano wetu. Mwaka ule ule wa 1957, Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara yake hapa. Mwaka 1961 yakaanza mafunzo ya watumishi wa afya wa vijijini. Kutokana na mbegu hiyo imeota taasisi ya utafiti ambayo Watanzania wamekwisha kuiongoza. Hata hivyo, waulize watoto wetu mtafiti ni nani: wengi watakutajia mgeni mwenye gari.

Nalisema hili nikijua kosa langu. Miaka ya themanini, nikiwa mwalimu mkuu, nilisimulia habari za Burkitt kwa majivuno mengi. Wiki hiyo hiyo mvulana mmoja alinijia ofisini. Aliniuliza kwa nini mtoto wa jirani yao amevimba taya, na kwa nini watu wazima hawavimbi hivyo. Nikamjibu kwamba hilo halimo katika mtihani, arudi darasani.

Swali lake lilikuwa lile lile la Burkitt, nami sikulitambua kwa sababu lilitoka kinywani mwa mtoto asiye na viatu. Wala sikuuliza kama mgonjwa amepelekwa hospitali, ingawa saratani hiyo huweza kupona ikiwahiwa.

Mvulana yule sasa ni mtu mzima, analima mpunga. Tukikutana sokoni hunipa shikamoo yangu kwa adabu, nami huitikia. Hajanikumbusha hata siku moja. Mimi nakumbuka.