Vigari Visivyosimama: Umbo la Mfumo wa Mizigo wa Denver

Mfumo wa mizigo uliobuniwa kwa ajili ya uwanja wa ndege wa Denver, Marekani, husimuliwa zaidi kama mkasa wa kompyuta zilizoshindwa kazi. Usomaji huo una ukweli wake, ila unakimbilia tukio na kuipita fani. Ukiutazama mfumo wenyewe kama utungo uliosukwa kwa makusudi, utaona kwamba kasoro yake ilikuwamo katika umbo tangu mwanzo.

Kipashio chake cha msingi ni kigari. Vilikuwa takriban 4,000, vikipita juu ya reli, kila kimoja na begi lake. Msimbopau wa lebo ukishasomwa, kompyuta hukipangia kigari njia. Ubingwa wa kimbinu uko hapa: kigari hakisimami. Kikifika penye mkanda hupunguza mwendo tu, begi likatupiwa ndani ya beseni lake, kisha kikashika kasi tena. Kifikapo mwisho, beseni huinama na begi likateremka, kigari kingali mwendoni. Mkanda wa kawaida huliacha begi lingoje nyuma ya jingine bila madhara. Hapa haliondoki mpaka kigari kitupu kiwe kimefika pale pale, wakati ule ule. Na sehemu moja ikielemewa na mizigo huvuta vigari vitupu kwake, sehemu ya mbali ikabaki mikono mitupu. Kwa hiyo mhusika mkuu wa utungo huu si begi bali kigari kitupu, na huyo ndiye ambaye watunzi walimpa nafasi finyu mno.

Kisha ukaja upanuzi. Awali shirika la ndege la United liliagiza mfumo kwa ajili ya jengo lake pekee. Mwaka 1992 utawala wa jiji ukataka uhudumie uwanja mzima. Shairi la beti tano halifanywi utenzi kwa kuongezewa beti: msuko wenyewe hauna budi kufumuliwa. Msuko wa Denver haukufumuliwa. Reli zilipenyezwa katika majengo na njia za chini ya ardhi ambazo ramani zake zilikwisha kuchorwa, zikalazimika kukata kona kali, na kwa mwendo ule mabegi yakaanguka. Waandishi wa habari walioalikwa kutazama majaribio mwaka 1994 walishuhudia nguo za watu zikitapakaa. (Jaribio la hadharani, kwa bahati mbaya, halina rasimu ya pili.)

Agosti 1994 Meya Wellington Webb aliagiza mfumo wa akiba wa mikanda na trela za kuvutwa, kwa dola milioni 51. Wengi huuona kuwa aibu; kwangu ndio uhariri wa kwanza wa busara, kwa sababu trela inaweza kungoja. Viwanja vikubwa vya leo vimelijua hilo. Heathrow na Schiphol vina maghala ya mabegi yaliyowahi, ambamo mzigo hukaa rafuni mpaka ndege yake ikaribie, na humo ndimo msongamano wa mabegi unamomezwa.

Uwanja wa Denver ulifunguliwa Februari 28, 1995, ukiwa umechelewa miezi 16. Vigari vilihudumia United pekee, tena kwa mizigo inayoondoka tu, hadi mwaka 2005, shirika hilo lilipoviacha na kubaki na trela.