Robinson Crusoe Kabla ya Kisiwa

Aghalabu mwanafunzi akiulizwa habari za Robinson Crusoe hutaja kisiwa, mbuzi, mwavuli wa ngozi na unyayo mchangani. Lakini kitabu chenyewe, alichokitoa Daniel Defoe mjini London mwaka 1719, hakianzii hapo. Twaona kwamba sehemu inayorukwa ndiyo iliyobeba uzito wa kitabu kizima.

Kabla ya kufika kisiwani, Crusoe alikuwa mtumwa kwa muda wa miaka miwili hivi huko Salé, katika pwani ya Moroko. Alitoroka kwa mashua pamoja na kijana Xury, aliyemwapia uaminifu. Walipookolewa na nahodha Mreno, yule aliyekwisha kuonja utumwa akamwuza mwenzake kwa riale 60, kwa sharti kwamba kijana angeachwa huru baada ya miaka 10 iwapo angekuwa Mkristo. Baadaye, akiwa na shamba Brazil, Crusoe alijuta. Lakini alijuta kwa sababu alikosa mtu wa kumsaidia kazi. Na merikebu iliyovunjika naye ilikuwa njiani kwenda pwani ya Guinea kununua watumwa.

Kwa nini basi mambo haya yamesahauliwa? Jibu moja limo katika fikra za zama za Mwangaza, wakati wanafalsafa wa Ulaya walipoifanya akili ya binadamu kuwa hakimu wa mambo yote. Mwishoni mwa karne ya kumi na saba, John Locke alikwisha kufundisha kwamba mtu huimiliki ardhi kwa kuitilia kazi yake. Crusoe ni kama mfano wa fundisho hilo: hulima shayiri, hufinyanga vyungu, huhesabu siku kwa kukata alama mtini, na huandika mabaya na mema yaliyompata kama mfanyabiashara aandikavyo fedha zilizotoka na zilizoingia. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake Émile, alitaka hadithi hii iwe ya kwanza kusomwa na mtoto, ila ianzie merikebu inapovunjika na ikome Crusoe anapoondoka kisiwani. Mkasi huo umeendelea kukata hata katika matoleo mengi ya watoto.

Hatukanushi kwamba kitabu kina mafunzo ya subira na bidii. Lakini kujitegemea kwake kuna walakini. Bunduki, baruti, shoka, hata punje za shayiri zilizoota karibu na maskani yake, vyote vilitoka merikebuni. Ni kazi ya mikono ya wengine. Na alipompata mtu wa pili hakumwuliza jina lake. Alimwita Ijumaa, kwa siku aliyomwokoa, akamfundisha kumwita yeye Bwana. Sisi walimu wa lugha hatuna budi kusimama hapo, kwani somo la kwanza la lugha kisiwani lilikuwa somo la cheo.

Kwa hiyo hatuwashauri walimu wakitupe kitabu hiki, bali wakirudishie mwanzo wake. Wanafunzi wasome kwanza kuuzwa kwa Xury, ndipo waingie kisiwani. Hapo watauliza wenyewe uhuru unaosifiwa humo ulikuwa wa nani, na mwalimu asiharakishe kuwajibia.